Kumpikia mama mkwe dagaa wa ziwa wakolee bila chumvi nyingi

Mkwe wa Buhongwa

Habari za jioni, wanajukwaa. Mama mkwe wangu amehamia kwetu hapa Mwanza akitokea Magu, na daktari amemweleza kuwa shinikizo lake la damu liko juu, hivyo aendelee na dawa na apunguze chumvi. Yeye hali kwa raha ila ugali wa udaga (unga wa muhogo uliovundikwa) kwa dagaa, na tangu nilipopunguza chumvi huonja matonge mawili kisha hulisogeza bakuli pembeni kwa adabu, akisema ameshiba. Afadhali angelalamika. Naomba mnieleze namna ya kuwapika dagaa wakolee bila kutegemea chumvi.

Mama wa Mwaloni

Pole na majukumu, dada. Tuanzie sokoni, kwa sababu dagaa wabaya hawaokolewi na kiungo chochote. Walio wazuri hung'aa kama fedha na ukiwakunja huvunjika. Waliogeuka rangi ya njano au kahawia mara nyingi walinyeshewa wakiwa wameanikwa, au mafuta yao yamechacha, na uchungu wao ndio unaotufanya tuzidishe chumvi ili tuufiche. Ukifika Mwaloni Kirumba ulizia waliokaushwa juu ya vichanja, si mchangani, hata kama utaongeza pesa kidogo.

Nyumbani wapembue, uwaondoe vichwa wale wakubwa, kisha uwaoshe kwa maji ya moto ukiwaopoa kwa mikono. Usiwamimine pamoja na maji, maana mchanga hukaa chini ya beseni na utarudi nao. Rudia mpaka chini pawe safi. Wachuje, waache wakauke kidogo, halafu wakaange kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, kwa moto mdogo, mpaka wakigeuzwa wasikike wakichakarika. Hatua hii wengi huiruka, nami naona ndiyo inayoleta ladha yote. Pembeni kaanga kitunguu kingi kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia kitunguu saumu, tangawizi na nyanya zilizoiva sana, ziache zirojeke zenyewe bila kuongezwa maji, ndipo uwatie dagaa. Ndimu ikamulie baada ya kuepua, kwa kuwa uchachu wake huufanya ulimi usiitafute chumvi. Akipenda mchuzi mzito, karanga za kusaga zisizotiwa chumvi zinatosha.

Mstaafu wa Zahanati

Nimeridhika na maelezo ya mama hapo juu, ila naomba niongeze kwamba chumvi haipiti kwenye kijiko peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na hapo vimehesabiwa vyakula vyote vya siku hiyo, mkate ukiwamo. Vidonge vya kukolezea mchuzi vina chumvi nyingi. Magadi tunayotia kwenye mlenda na maharage yana sodiamu ileile inayosumbua katika chumvi, ingawa wazee wetu hawayahesabu kuwa chumvi. Kayabo, yule samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ndiye usiseme. Huyo amwachie mwenye afya yake. Kwa upande wa dagaa hana sababu ya kuogopa, kwani hawa wetu wa kawaida hukaushwa juani bila chumvi, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao humpatia madini ya chokaa, ambayo mtu wa umri wake anayahitaji.

Punguza chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa badala ya kuikata kwa siku moja, maana ulimi huzoea. Zile chumvi mbadala za potasiamu usimnunulie kabla ya kumuuliza daktari, kwa sababu zinaweza kumdhuru mwenye matatizo ya figo na anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Dawa zenyewe asiziache hata akijisikia mzima.

Kijana wa Igoma

Mzee wangu, kwa heshima zote, mlenda bila magadi hauvutiki. Bibi yangu angeukataa mlangoni.

Mama wa Mwaloni

Mjukuu wangu, katakata bamia changa nyembamba, uzipike pamoja na majani ya maboga na uzipekeche vizuri kwa upekecho. Zitavuta mpaka uzichoke.

Mkwe wa Buhongwa

Nawashukuru sana. Jumamosi nitakwenda Mwaloni mwenyewe. Mama amekuja pia na mfuko wa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na kwao huzilainisha kwa magadi. Je, nifanyeje?

Mama wa Mwaloni

Ziloweke usiku kucha, asubuhi umwage maji hayo, kisha uzichemshe taratibu kwenye sufuria iliyofunikwa mpaka zilainike. Zitachelewa kuliko alivyozoea, kwa hiyo zibandike mapema kabla hujaanza kupembua dagaa, na karanga utie mwishoni zisije zikashika chini.