Naomba msaada: neno la Kiebrania linalotafsiriwa "laana" lina maana gani hasa?

Binti wa Kihamba
Habari za jioni, wapendwa. Nyumbani kwetu ni Rombo. Baba alifariki miaka minne iliyopita, mama akabaki na kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo. Mwaka jana baba mkubwa aling'oa masale, ile mimea ya kuwekea mpaka, akayapanda upya hatua kama sita ndani ya migomba yetu. Kwenye kikao cha ukoo nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba huo ni wizi. Akainuka, akapiga fimbo chini: "Tumbo lako halitashika kitu." Tangu siku ile mimba mbili zimetoka.

Nimekwenda kwenye maombi. Mtumishi kaniambia laana kwa Kiebrania ni "arar", na kwamba ikishatamkwa na mkubwa wa ukoo, hata Mungu huiacha ifanye kazi. Kuikata ni sadaka ya laki tatu. Mume wangu anaendesha bodaboda ya mkataba, hiyo hela tungeikopa. Mama naye anasema niende kwa baba mkubwa na jani la sale, ambalo kwetu Wachaga ni ishara ya kuomba msamaha, nikaombe radhi. Anayeijua lugha hiyo anisaidie: neno hilo maana yake ni nini? Na nilipe?

Mwalimu Mstaafu
Pole sana mwanangu. Hiyo hela usiikope.

Nimefundisha Agano la Kale miaka mingi, na swali lako ni la msingi kuliko unavyodhani. Biblia yetu ya Kiswahili inasema "laana" mahali ambapo Kiebrania kina maneno kadhaa. Fungua Mwanzo 12:3, Mungu anamwambia Abramu: "naye akulaaniye nitamlaani." Kwetu ni neno moja mara mbili. Kwenye Kiebrania ni mawili: la binadamu ni *qalal*, la Mungu ni *arar*.

*Arar* ndilo zito. Ndilo aliloambiwa nyoka katika Mwanzo 3:14, ndilo lililoangukia ardhi katika mstari wa 17, ndilo aliloambiwa Kaini katika 4:11. Angalia vizuri hapo: Adamu na Hawa wanapewa adhabu kali, ila neno lenyewe halitamkwi juu yao. Linatamkwa juu ya nyoka na juu ya udongo.

*Qalal* asili yake ni wepesi. Nuhu alipomtuma njiwa aone kama maji yamepungua, Kiebrania kinasema maji "yamekuwa mepesi", na ni neno hilohilo. Hajiri alipopata mimba, bibi yake "alikuwa duni machoni pake": tena hilohilo, Sarai alikuwa mwepesi machoni pa mjakazi wake. Kinyume chake ni *kaved*, uzito, na humo ndimo linamotoka neno la heshima. Kutoka 20:12, "waheshimu baba yako na mama yako", ni kama kusema wape uzito wao. Ukigeuka 21:17, anayehukumiwa ni yule anayewa-*qalal* wazazi wake. Mtu aliyefanyiwa *qalal* kwanza kabisa amefanywa si kitu.

Lipo na la tatu, *ala*, ambalo ni kiapo na laana kwa pamoja. Sisi Waswahili hilo halitusumbui, maana kuapa na kuapiza kwetu ni shina moja.

Mtumishi Kijana
Shikamoo mwalimu. Nauliza kwa heshima. Elisha katika 2 Wafalme 2:24 aliwalaani wale vijana, na dubu wawili wakawararua 42. Neno la pale si *qalal*? Sasa tutasemaje ni matusi tu?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Umenishika vizuri, ni *qalal* kweli, na sikusema ni matusi tu. Yakobo naye aliogopa *qelala*, yaani laana itokanayo na *qalal*, ya baba yake katika Mwanzo 27:12, na Kumbukumbu 28:15 linatumia neno hilo kwa laana za Mungu mwenyewe. Kwa hiyo tusiyapange maneno haya kama vikombe kabatini.

Ila soma mstari wako wote: Elisha aliwalaani "kwa jina la Bwana". Nguvu haikuwa kwenye kinywa chake. Balaamu aliitwa kwa malipo ailaani Israeli, akakwama: "Nimlaanije, yeye ambaye Mungu hakumlaani?" (Hesabu 23:8.) Daudi alipokuwa akikimbia Yerusalemu, mtu aitwaye Shimei alimfuata ubavuni mwa mlima akimlaani, huku akimrushia mawe na mavumbi, na Daudi akarudi Yerusalemu akiwa mfalme. Na Mithali 26:2 inasema laana isiyo na sababu ni kama shomoro na mbayuwayu wanaorukaruka, haimpigi mtu. Ni *qelala* hapo. Binti, shika huo.

Mama wa Watatu
Mdogo wangu, mimi zilinitoka mbili kabla ya huyu wa kwanza, na mimi pia niliambiwa nimefungwa. Nendeni hospitali wewe na mume wako, wote wawili, mkaeleze habari ya mimba zote. Ombeni, lakini mwende. Na hizo mimba hukuzitoa wewe wala maneno yako kikaoni. Lia, na ukimaliza kulia, ule chakula.

Mzee wa Kanisa, Moshi
Nisome kidogo Kumbukumbu 27. Walawi wanasema "na alaaniwe" mara 12, na kila mara ni *arur*, litokanalo na *arar*, lile zito la mwalimu. Watu wote wanaitikia Amina. Mstari wa 17: "Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake." Wa 19: apotoaye hukumu ya mgeni na yatima na mjane.

Sasa nani katika kikao kile aliyeng'oa mpaka? Na nani ni mjane?

Simwombei mabaya baba yako mkubwa, namwogopea. Kuhusu sale, mama yako hajakosea. Kumwita mzee mwizi mbele ya ukoo ni kumfanya mwepesi, na kwa hilo unaweza kuomba radhi. Peleka sale kwa ajili ya ulimi wako tu, usilipeleke kama hati ya shamba. Nenda na mashahidi, useme wazi mpaka bado unadaiwa. Akikataa, mwone mwenyekiti wa kijiji, halafu baraza la kata liwapatanishe.

Binti wa Kihamba
Asanteni sana. Nimemsomea mama mstari wa 17 kwa simu, akaninyamazia muda mrefu, kisha akaniomba nirudie. Tumepata miadi ya kliniki Jumatano, mume wangu ataacha pikipiki siku hiyo. Sale nimeshalikata. Jumamosi mwenyekiti wa kitongoji anakuja kuonyeshwa mashimo ya masale ya zamani, mama anasema bado yanaonekana chini ya majani ya migomba.