Naomba ushauri: mwanangu ana tundu kwenye moyo

Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu ana miezi 5, kilo 4.6 tu. Akinyonya dakika mbili anaachia, paji la uso limelowa jasho, mbavu zinabonyea. Alitibiwa nimonia mara tatu kabla daktari mmoja hajasikia mlio kwenye moyo. Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kikaonyesha tundu la milimita 8 kati ya vyumba vya chini. Anatumia furosemaidi, dawa ya kupunguza maji mwilini; jasho limepungua, uzito haupandi. Tuna rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwezi ujao. Shangazi zake wanasema tusubiri litaziba lenyewe. Madogo huziba, najua, lakini hili?

Mliopitia haya, watoto wenu walipasuliwa wakiwa na kilo ngapi? Na niongezee nini kwenye maziwa yangu apate uzito?