Tupeane uzoefu: uliwahi kuuliza habari za deni la serikali, ukajibiwa nini?

Filimbi ya Jumatatu
Salaam wenzangu. Leo natoa vikorokoro stoo nikakutana na filimbi niliyokuwa nikiipuliza kwenye maandamano ya Jumatatu hapa Mombasa, 2019, wakati ule wa amri ya serikali kwamba makontena yote ya bandarini yapande treni. Nilikuwa na lori moja, tena la kushirikiana na shemeji. Sikuwa naandamania deni la taifa, nilikuwa naandamania tumbo. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu ndiye aliyenizindua. "Unajua kwa nini wanautaka mzigo wako? Reli imejengwa kwa mkopo wa China. Treni lazima ipate cha kubeba ndipo deni lilipike." Nilibaki na filimbi mdomoni, haitoi sauti. Reli ya shilingi bilioni 327, nami nimekuja na filimbi ya shilingi hamsini!
Haya, wewe uliuliza kwa njia gani? Barua, kikao, barabarani? Mwageni.

Utingo Mstaafu
Nilikuwepo. Ule moshi mpaka leo nausikia kooni.

Barua Tatu
Mimi si mtu wa kukimbizana na askari, niliandika. Nilisikia wanaharakati wa Okoa Mombasa wameomba mikataba ya hiyo reli, SGR, kwa kutumia ile sheria ya 2016 ya kupata habari, nikasema acha nami nianze na kitu kidogo: barabara ya mtaani kwetu, kilomita mbili na kitu, imejengwa kwa mkopo wa nani na tumebakisha kulipa ngapi. Sheria inawapa siku 21.
Barua ya kwanza iliishia kwa bawabu, eti haina bahasha. Ya pili ikapigwa muhuri. Wallahi nilifurahi, nikaipiga picha kama mtu aliyepata cheti. Siku ya 30 nikaenda: faili liko kwa mkubwa, mkubwa yuko semina. Ya tatu ikajibiwa, mstari mmoja: "Suala lako linashughulikiwa." Hiyo ni 2021. Barabara imeshatoboka, suala bado linashughulikiwa.
Wale wa mikataba walikuwa na pumzi kuniliko. Waliomba Desemba 2019, wakanyimwa, wakaenda kortini, jaji akawapa haki yao Mei 2022. Hata hapo hawakupewa, mpaka serikali ikabadilika na waziri mpya akaanika baadhi ya karatasi Novemba mwaka huo. Kufungua, unakuta kukizuka mzozo shauri linaamuliwa China. Karibu miaka mitatu kuonyeshwa karatasi ya deni ninalolipa mimi!

Kijiweni Kigamboni
Wakuu, nyie mna raha, mnaandika barua. Huku kwetu Tanzania Spika wa Bunge mwenyewe, Ndugai, alisema Desemba 2021 kwamba kwa mikopo hii ipo siku nchi itapigwa mnada. Januari 6 kajiuzulu. Sasa mimi bodaboda nikaulize nini?

Filimbi ya Jumatatu
Ndiyo shida yenu, mtu akisemeshwa kwa ukali mnatafuta pa kujificha.

Kijiweni Kigamboni
Nani anajificha? Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitua bungeni mwezi wa nne, huku tunaichambua kijiweni kuliko Simba na Yanga. Nyie Wakenya mlifunga mji kwa maandamano 2024, haya, deni limepungua?

Filimbi ya Jumatatu
Muswada wa Fedha uliondolewa Juni 26. Ile VAT ya asilimia 16 kwenye mkate haikupita. Unaona ni dogo?

Kijiweni Kigamboni
Mkate umeula. Nimeuliza deni.

Mama Wawili
Jamani punguzeni. Kuna watu walizika watoto wao wiki ile.

Kijiweni Kigamboni
Samahani dada. Nimenyamaza.

Mwalimu Darasa la Tatu
Nilikuwa nasoma tu, lakini hiyo habari ya muhuri imenitonesha kidonda.
Tuliitwa kwa chifu kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti, na ndani yake mpango wa kulipa malimbikizo ya madeni ya wakandarasi. Tangazo lilibandikwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, kwenye mlango wa choo cha soko. Saa tatu tumeshakaa. Wageni wamefika saa sita kasorobo. Kitabu cha bajeti kilikuwa kimoja kwa ukumbi mzima, kinene, cha Kiingereza, kimelazwa juu ya meza wala hakifunguliwi. Nikaomba nikishike. Kijana aliyekuja nacho akaniambia, "Mama, tutawafupishia." Ufupisho wenyewe dakika kumi. Nikasimama nikauliza: hawa wakandarasi wanadai kwa kazi zipi, na nani alizikagua? Akasema, "Swali zuri sana," akamwita anayefuata.
Kisha ikaja soda, na karatasi ya mahudhurio. Ukitia sahihi unapewa mia tano ya nauli. Nilitia, nikapokea. Nalisema mwenyewe kabla hamjaniuliza.
Wiki tatu baadaye kijana niliyemfundisha, siku hizi anafuatilia mambo ya bajeti, akaniletea ripoti iliyopelekwa kwa wawakilishi wa wadi. Nyuma yake majina yetu. Juu ya majina: "Wakazi waliounga mkono". Nikajitafuta. Nambari 37. Kitambulisho changu, tarakimu zote sawasawa. Mahali pa sahihi, dole gumba.
Nimefundisha darasa la tatu miaka ishirini na minane. Nimewashika mkono watoto wa watu mpaka wakaweza kuandika majina yao. Nilikaa pale kizingitini nikaliweka dole langu kando ya lile la kwenye karatasi. Lile pana, lina kovu katikati. Langu halina kovu.

Utingo Mstaafu
Ngoja kwanza. Dole la nani?

Kijiweni Kigamboni
Nimevunja kimya changu. DOLE LA NANI?

Mchuuzi Kongowea
Mwalimu, mia tano ushakula, dole linakuuma nini?

Mwalimu Darasa la Tatu
Mwanangu, ile ilikuwa nauli. Sikuuza neno langu.

Mchuuzi Kongowea
Kutoka kwako mpaka kwa chifu nauli ni mia tano?

Mama Wawili
Muache mwalimu. Wewe ungechukua ukarudi kwenye foleni mara ya pili.

Mchuuzi Kongowea
Hilo sikatai.

Wakili wa Barazani
Dawa ni moja: msitie sahihi. Kifungu 196 cha Katiba kinalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Wakikosa majina, hawana kikao.

Barua Tatu
Wakili, usipotia wewe watakutilia, si umesikia habari ya dole? Tia, kando yake andika "nimehudhuria tu", halafu piga picha ukurasa mzima.

Mchuuzi Kongowea
Na chini ya jina la mwisho piga mstari, kama daftari la mkopo dukani. Mimi mteja haniongezei kitu hapo.

Utingo Mstaafu
Mimi nasema soda msinywe.

Mama Wawili
Kunyweni, tena mbili mbili. Si mtailipa nyinyi wenyewe?

Wakili wa Barazani
Turudi kwenye sheria. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, sababu mojawapo vifungu vilivyochomekwa baada ya watu kumaliza kutoa maoni. Kwa hiyo mwalimu ana kesi.

Barua Tatu
Na Oktoba Mahakama ya Juu ikaigeuza.

Wakili wa Barazani
Nilikuwa naelekea huko.

Filimbi ya Jumatatu
Uzi wangu wa deni umekuwa uzi wa dole. Sawa, nami nataka kujua. Mwalimu, uliishia hapo kizingitini?

Mwalimu Darasa la Tatu
Hapana. Nilikaa na ile ripoti usiku mzima na kalamu nyekundu. Majina nimeyahesabu mara mbili, ni 84. Jumla wameandika 148. Nikazungushia duara. Jina la mtaa wetu wamelikosea mara tatu, nikasahihisha. Kwenye nambari 37 nikatia mkasi, ile alama ya kukosa, pembeni nikaandika: "Si kazi yako." Kikao kilichofuata nikaenda nayo, nikamkabidhi yule kijana wa "tutawafupishia" mbele ya watu. Akaipokea kwa mikono miwili. Alipoona wino mwekundu alisimama wima kama mtoto.

Barua Tatu
Akakujibu nini?

Mwalimu Darasa la Tatu
Linashughulikiwa.

Barua Tatu
🤣🤣 Karibu kwenye chama, mamangu.

Utingo Mstaafu
Ulimpa ngapi kwa kumi?

Mwalimu Darasa la Tatu
Tatu. Mbili za mwandiko, moja ya soda.