Mrejesho: ile programu ya kupanga zamu za mathree (matatu) stejini

Wasee, wale mlionisaidia hapa nilipokwama na hiyo programu, asanteni, imekubali. Kwa waliokosa, jamaa wa sako (chama cha wenye matatu) hapa tao aliniambia tu "nitengenezee kitu cha kupanga magari" akaishia hapo, nami nikajaza if (masharti ya "kama hivi, fanya vile") kama 40 mpaka nikajipoteza. Aliyesema nianze na foleni, yaani wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kutoka, aliniokoa. Sasa ni listi moja ya Python, gari ikifika append (inaiweka mwisho wa listi), ikijaa pop(0) (inatoa ya kwanza), basi. Najua pop(0) inasukuma zote zilizobaki hatua moja na deque, foleni maalum ya Python, ni nyepesi zaidi, lakini kwa gari 12 nani atajua? Ikiharibika katikati ya laini, remove (inaitoa popote ilipo) na namba yake ya usajili. Nilipomwonyesha jamaa wa sako ndio akakumbuka eti kuna za ruti ya Rongai na za ruti ya Ngong, si angesema mapema, kwa hivyo sasa ni kamusi (dict ya Python), kila ruti na foleni yake, nimebadilisha mistari mitatu tu.