Kocha wa Ligi Kuu aliyekufurahisha au kukuumiza kuliko wote: tupeane uzoefu

Mnazi wa Temeke: Wakuu, jana mtu alinitumia lile bao la Chama wa Simba dhidi ya AS Vita la Machi 2019, na mawazo yangu yakaenda moja kwa moja kwa Patrick Aussems, kocha wa Simba wakati huo. Watu hupenda kumkumbuka kwa vile vipigo viwili vya mabao matano kwa bila, kimoja Kinshasa na kingine Misri mbele ya Al Ahly, lakini wanasahau kwamba katika kundi lile lile Simba ilishinda mechi zake zote tatu za nyumbani na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Tangu wakati huo sipangi makocha kwa vikombe peke yake. Orodha yangu ni Aussems, Nabi wa Yanga, Phiri wa Simba, Omog wa Azam, kisha Gamondi wa Yanga. Simlazimishi mtu kuikubali. Ninachotaka ni kila mmoja aeleze alikuwa wapi na kocha gani alimliza au kumchekesha, kwa sababu takwimu kila mtu anazo kwenye simu yake.

Chamazi Kwetu: Kumweka Joseph Omog nafasi ya nne ni kumvunjia heshima. Mwaka 2014 nilikuwa Sokoine, Mbeya, siku Azam ilipoifunga Mbeya City mabao mawili kwa moja na kutwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja msimu mzima. Mbeya City walikuwa ndio kwanza wamepanda daraja, Mwambusi amewatengeneza vizuri, na uwanja mzima ulikuwa wa kwao. Sisi wenye jezi za Azam tulikuwa wachache kiasi kwamba nilishangilia bao la kwanza nikiwa nimekaa.

Jangwani Damu: Nusu ya msimu ule ilikuwa kazi ya Stewart Hall. Omog alikuta chakula kimeiva, akapakua.

Chamazi Kwetu: Kupakua nako ni kazi, ndugu yangu. Wangapi wamekabidhiwa timu inayoongoza wakaimwaga?

Mwanamsimbazi wa Zamani: Naunga mkono hoja ya kutopoteza, ila tusisahau kwamba Patrick Phiri alifanya hivyo hivyo na Simba msimu wa 2009/10, naye hakurithi timu katikati ya safari.

Bibie wa Ilala: Mimi wa kwangu ni Mwinyi Zahera, na najua mtanicheka. Msimu wa 2018/19 Yanga haikuwa na fedha. Tulitembeza bakuli, na watu wazima wenye familia walichangia elfu tano tano ili timu isafiri. Kocha yule aliingia kila mechi akiwa na wachezaji ambao hawakujua mshahara utatoka lini, na bado tukamaliza nafasi ya pili tukiisumbua Simba yenye kila kitu. Nabi na Gamondi walipewa wachezaji waliotafutwa kwa fedha nyingi, Zahera alipewa maneno ya kutia moyo. Anayepanga makocha bila kuangalia walichokabidhiwa anapanga matajiri wa klabu, si makocha.

Kimara Mwisho: Dada umesema kweli tupu.

Mshenga Mstaafu: Mjadala huu umenikumbusha jambo ambalo katika ukoo wetu halizungumzwi mbele ya wageni. Tarehe 5 Novemba 2023, Jumapili, nilikuwa mshenga wa mpwa wangu. Familia ya binti, ambayo kuanzia babu hadi wajukuu ni Yanga, ilichagua siku ile na kukataa katakata kuibadilisha, na ninaamini hadi leo kwamba walifanya makusudi. Mazungumzo yalianza mchana vizuri. Ilipofika wakati wa mpira wa Simba na Yanga, mjomba wa binti akaomba tupumzike kidogo, luninga ikawashwa, na Musonda wa Yanga akafunga kabla hata chai haijamiminwa. Kibu wa Simba aliposawazisha, bwana harusi mtarajiwa, ambaye kwa mila alitakiwa kutulia kimya pembeni, aliruka na kupiga kelele iliyowaamsha watoto waliolala chumba cha pili. Mapumziko yalifika matokeo yakiwa bao moja kwa bao moja, na mahari ilikuwa imebaki kidogo tu tukubaliane.

Kipindi cha pili ndipo mambo yalipoharibika. Maxi alifunga, mjomba akasema tumesahau kilemba chake. Aziz Ki alifunga, akasema mkaja wa mama uongezwe. Maxi akarudia, na sasa ikaja hoja ya blanketi la bibi ambalo asubuhi halikuwepo kwenye orodha. Mpwa wangu akatoka bila kuaga, akajifungia ndani ya gari na kuzima simu. Wakati huo huo tukasikia kilio kutoka chumbani. Bibi wa binti alikwenda kumtazama, akarudi akiwa amekunja uso, akatangaza mbele ya wanaume wote kwamba posa imesimama kwa sababu binti analia, na mvulana mwenyewe amekimbia, hivyo ni dhahiri kwamba watoto hawa wanalazimishwa.

Niliomba ruhusa ya kuzungumza na binti mlango ukiwa wazi. Nikamuuliza kama anamtaka mpwa wangu. Akaniambia, huku akifuta machozi, kwamba anamtaka sana, ila haelewi kwa nini Robertinho, kocha wa Simba, hafanyi mabadiliko wakati kiungo kimezidiwa tangu kipindi cha pili kuanza. Binti alikuwa Simba! Nyumba nzima haikujua. Kabla sijapata namna ya kulieleza jambo hilo kwa wazee, Pacome akafunga penalti, ikawa tano kwa moja, na sebule yote ikahamia barabarani.

Kimara Mwisho: Mzee wangu, huwezi kuishia hapo. Ndoa ilifungwa au haikufungwa?

Mtoto wa Tandika: Nimesoma nikiwa kwenye daladala, na kondakta anadhani nina matatizo. Tunaomba muendelezo.

Jangwani Damu: Huyo binti ana jicho la kocha. Kiungo kilizidiwa kweli. Gamondi aliwasubiri wachoke, kisha akawapitia katikati. Kwa siku ile pekee nampa nafasi ya kwanza, na asiyetaka aende akanywe maji.

Muungwana wa Kampala: Naomba kumtetea Robertinho, maana nyinyi mmemfahamu kwa siku moja tu. Huku Uganda aliipa Vipers ubingwa, kisha akaitoa TP Mazembe kwa penalti na kuipeleka timu hiyo hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2022. Na huko kwenu aliifunga Yanga mabao mawili kwa bila Aprili 2023, akaifunga Wydad Dar es Salaam kabla ya kutolewa kwa penalti Morocco, akachukua Ngao ya Jamii Tanga mbele ya Yanga hiyo hiyo. Kocha anafukuzwa siku chache baada ya mechi moja, halafu mnauliza kwa nini timu haitulii.

Mnazi wa Temeke: Haikuwa mechi moja, mkuu. Ilikuwa mabao matano kutoka kwa watani wa jadi. Pale Kariakoo hayo ni mambo mawili tofauti.

Jangwani Damu: Anayelalamika kuhusu tano akumbuke kwamba Milovan akiwa kocha wa Simba alitufunga tano bila majibu mwezi Mei 2012, na tulizibeba kwa miaka kumi na moja bila kumlilia mtu.

Bibie wa Ilala: Hatukumlilia mtu? Wewe labda. Sisi tulihama hata njia za kwenda kazini.

Mtoto wa Tandika: Ushauri wangu kwa wanaotaka kuoa ni kujitambulisha ukweni kama shabiki wa Coastal Union. Hakuna anayemchukia mtu wa Coastal.

Mzee wa Barabara Kuu: Usimdanganye kijana mwenzako. Ushabiki hausomeki kwenye jezi, unasomeka usoni bao linapoingia. Afadhali aseme mapema na alipe mahari kabla ya ratiba ya ligi kutoka.

Nipo Mbarali: Nyote mmemtaja Nabi kwa heshima, nami sipingi, lakini mimi nilikuwepo Novemba 2022 siku Ihefu ilipomaliza mechi 49 za Yanga za bila kufungwa. Mabao mawili kwa moja, kwenye uwanja wetu wa huku mashambani ambako wageni walifika wakidhani wamekuja kuhesabu pointi tatu. Nilichokipenda kwa Nabi ni kwamba timu yake haikuporomoka baada ya hapo. Alitwaa ubingwa, na mwezi Juni alikwenda Algiers akamfunga USM Alger bao moja kwa bila kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, penalti ya Djuma Shabani, na kombe akalikosa kwa kanuni ya bao la ugenini tu, kwa kuwa Dar es Salaam walikuwa wamefungwa mbili kwa moja. Makocha wengi wakivunjiwa rekodi huanza kutafuta mchawi.

Bibie wa Ilala: Usiku ule wa Algiers sikulala. Diarra alipodaka penalti yao nilijua tunalichukua.

Mshenga Mstaafu: Nimerudi, kwa kuwa naona mnanidai. Ndoa ilifungwa. Mjomba alipogundua kwamba binti yao ni Simba, aliona aibu kuendelea kudai nyongeza, akapunguza hata kile kilemba, akisema familia nayo ina hasara yake. Blanketi la bibi lilibaki palepale. Kuhusu mjadala wenyewe, Robertinho simweki popote, wala juu wala chini, na mpwa wangu hataki jina hilo litajwe nyumbani kwake.

Muungwana wa Kampala: Hongera kwa maharusi. Lakini kocha bado hajatendewa haki.

Mwambao Tanga: Nimesoma hadi mwisho nikitafuta jina la mzawa mmoja, nikamkuta Mwambusi kwa kupita tu. Juma Mgunda aliifikisha Coastal Union fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani mwaka 2022, wakatoka sare ya tatu kwa tatu na Yanga ya Nabi na kushindwa kwa penalti tu. Miezi michache baadaye Simba ikamwita azime moto, akaitoa Nyasa Big Bullets na Primeiro de Agosto na kuiingiza timu hatua ya makundi Afrika, kisha akaletwa Robertinho. Mwaka 2024 kocha Benchikha alipoondoka Simba, akaitwa tena. Mnapanga waliopewa timu kwa misimu, huku anayeitwa kila nyumba inapowaka mkimwacha nje ya orodha.

Jangwani Damu: Mgunda nafasi ya tatu. Aussems ashuke.

Mnazi wa Temeke: Aussems hashuki. Aondoke Gamondi.