Mrejesho: mirathi ya baba na fungu la mdogo wetu

Habari zenu ndugu zangu. Niliomba ushauri baada ya kaka mkubwa, aliyekuwa na hati ya uwakili ya baba (karatasi iliyomruhusu kutenda kwa niaba ya baba), kuendelea kutoa pesa benki hata baada ya msiba, na mdogo wetu mwenye ulemavu wa akili kusainishwa karatasi ya kuacha fungu lake.

Mliosema tupange nyaraka kwanza, Mungu awabariki. Tulienda na cheti cha kifo, wosia, taarifa za benki na orodha ya madeni. Wakili akaweka kidole kwenye tarehe ya kifo: "Uwakili uliishia hapa." Baada ya hapo mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi anayetambuliwa na mahakama, na madeni hulipwa kabla ya kugawana. Kaka ametakiwa atoe hesabu.

Kinachoniuma zaidi ni ile sahihi. Mdogo wetu hakuelewa alichosaini, na daktari wake wa miaka yote ameliandika hilo. Tunaomba mahakama iibatilishe na imteue mtu wa kumsimamia. Nimesisitiza asiwe mmoja wetu tunaorithi, maana maslahi yatagongana, na dada zangu wamekubali. Shauri limeshapangiwa tarehe, nitawajuza.