Mrejesho: ule mvumo wa priampu ya santuri umeisha

Wakuu habari, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hamkuiona, niliuliza kwa nini priampu ya santuri (kile kikuza sauti cha kwanza kabla ya amplifaya) niliyounda inavuma mmmmm hata kama sahani haizunguki, nikidhani kapasita za pawa saplai hazitoshi. Mdau mmoja akanambia sikiliza kwanza mvumo wenyewe, ukiwa wa hezi 100 hapo pawa saplai haichuji vizuri, ukiwa wa 50 shuku transfoma inarusha sumaku kwenye saketi. Basi nikalegeza nati ya transfoma nikawa naizungusha kidogo kidogo (waya za umeme zimefunikwa jamani, msije mkapigwa shoti) na mvumo ukawa unapanda na kushuka, jibu si hilo hapo! Tena RIAA (usawazishaji wa sauti ambao kila priampu ya santuri hufanya) inanyanyua besi, kwenye hezi 50 ni kama desibeli 17 juu ya hezi 1000, kwa hiyo kamvumo kadogo tu kanageuka ngurumo. Transfoma nimeihamishia boksi lake, waya mita moja, LM317 na LM337 (chipu za kutuliza volti) zimebaki karibu na NE5532 (chipu inayokuza sauti) zinatoa volti 15 chanya na hasi. Kimyaaa.

Kuhusu bafa (hatua ya mwisho ya saketi inayosukuma sauti kwenye waya wa kutokea), wengi mlisema haina kazi, mi nabisha, waya wangu wa kwenda kwenye amplifaya ni mrefu unapita nyuma ya kabati. Nimeweka na risista ya omu 100 kwenye kila autiputi isianze kuosileti (kujitetemesha yenyewe). Taarabu za bibi sasa unasikia mpaka ganuni inavyodonolewa.

Imebaki chaneli ya kushoto iko chini kidogo, nashuku katriji (kile kichwa chenye sindano), nitabadilishana waya nione.